Fox geji 20, Ithaca geji 20 au Stevens .410 ya mitutu miwili: ipi ina thamani, ipi inafaa kwa kazi?

Mkulima_Erie:

Wakuu, salamu. Kuna mnada wa mali za marehemu huku magharibi mwa Pennsylvania. Kwenye orodha zipo bunduki tatu za marisau (risasi za punje nyingi), zote za mitutu miwili ya ubavu kwa ubavu, zote za Marekani (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana; .410 ni upana kwa inchi):

A.H. Fox Sterlingworth, geji 20, anwani ya Philadelphia juu ya mitutu, vifyatulio viwili, mitutu ya inchi 27¼.

Ithaca, geji 20, namba ya utambulisho 230 elfu na kitu, mitutu ya inchi 28, uzito pauni 5½.

Stevens 311, .410, chemba (tundu la nyuma linalokaa risasi) ya inchi 3. Haina namba yoyote.

Nataka ya kuwindia grausi na ndege wa vichakani, mbwa mbele, kupiga kwa karibu. Siyo ya kutundika ukutani. Lakini pia sitaki kulipa bei ya mkusanyaji kwa kitu ambacho nikikiuza kesho napata nusu. Ukaguzi unaruhusiwa siku moja kabla ya mnada, kufyatua hakuruhusiwi. Nikague nini, kwa mpangilio gani? Na kwa nini kila mtu anaizungumzia ile .410 ilhali ndiyo ya kiwanda cha bei rahisi kuliko zote?

FundiMitutu:

Mkuu, usianze na nakshi wala rangi ya mbao. Anza na mitutu. Kitako hutengenezwa, chemchemi hubadilishwa, ila mtutu uliokonda haunenepi.

Omba ruhusa uitenganishe. Toa mbao ya mbele, fungua, ivue mitutu. Soma namba mahali patatu: uso bapa wa fremu (mwili wa chuma unaoshika mitutu), chini ya mitutu, na chuma cha mbao ya mbele. Zisipolingana, hiyo ni bunduki ya kuunganisha vipande na bei yake ni ya vipande. Kwa Sterlingworth namba yenyewe inataja geji: za geji 12 zilianzia 50,000, za geji 20 zilianzia 250,000, za geji 16 zilianzia 350,000. Ukikuta geji 20 yenye namba ya 90 elfu, uliza maswali.

Kisha ining'inize mitutu kwa kidole kimoja kwenye ndoano yake ya chini na uigonge kwa penseli. Ikilia kama kengele, lehemu ya utepe (ukanda wa chuma unaounganisha mitutu miwili) ni nzima. Ikitoa mtetemo mkavu unaokatika, utepe umeachia mahali fulani, na maji yanaweza kuwa yanaingia kati ya mitutu kwa miaka, pasipoonekana. Hapo hapo tazama rangi. Kiwanda kilitumia rangi ya bluu iliyopatikana kwa kutu ya taratibu, yenye mng'ao laini. Ukikuta nyeusi inayometameta kwenye bunduki ya miaka ya 1920, yaelekea mtu ameitumbukiza kwenye chumvi moto, na chumvi ile hula lehemu. Inaweza kulia vizuri leo na kuachia mwakani.

Kipenyo cha ndani cha geji 20 ni inchi 0.615, yaani milimita 15.6. Elfu mbili tatu za inchi (yaani 0.002 au 0.003) juu au chini si tatizo kwa bunduki za enzi hizo. Ukipata 0.630 mtutu mzima, kuna mtu ameusugua kuondoa vishimo vya kutu, na chuma alichoondoa hakirudi. Ndiyo maana lazima upime unene wa ukuta kwa kipimo chake maalumu, kile chenye mkono mrefu unaoingia ndani. Usidanganywe na kalipa mdomoni: pale ukuta ni mnene kwa sababu ya mbano (mdomo hufinywa ndani ili marisau yasitawanyike haraka), sehemu nyembamba iko nyuma kidogo. Mafundi wengi hawapendi kushuka chini ya inchi 0.020 (nusu milimita) mahali popote. Zungusha kipimo pande zote, maana mara nyingi upande mmoja huwa mwembamba kuliko mwenzake.

Urefu wa 27¼ ndio unaonitia shaka. Fox walitoa 26, 28, 30. Tazama midomo kwa mbele. Ya kiwandani hugusana au hukaribia sana. Iliyokatwa huacha pengo la umbo la kabari kati ya midomo, limezibwa kwa lehemu au shaba. Halafu pima mdomo na ulinganishe na ndani. Kwa geji 20, mbano wa kati ni takriban elfu 14 za inchi, mbano kamili ni elfu 25 hivi. Ukipata tofauti ya sifuri au elfu moja, mbano ulibaki sakafuni karakanani.

Sasa rudisha mitutu kwenye fremu, bila mbao ya mbele. Hili watu hulisahau: ile mbao ina chemchemi inayobana kila kitu na kuficha ulegevu. Funga, bana kitako kwapani, tikisa mitutu juu-chini na kushoto-kulia. Isicheze hata kidogo. Mkono wa kufungulia wa Fox ukiachiwa unatakiwa usimame upande wa kulia wa mstari wa kati. Kadiri komeo linavyolika ndivyo unavyosogea kushoto. Mkono ukiwa kulia na bado mitutu inacheza, basi ulegevu uko kwenye pini ya mbele, si kwenye komeo. Dawa yake ni kuongeza chuma kwenye ndoano kwa kulehemu kitaalamu au kuweka pini nene zaidi. Ukiona kipande cha bati kimechomekwa pale, mtu alikuwa anaitayarisha kwa kuuza.

Ithaca yako, kwa namba hiyo, ni ya aina ya Flues. Zilitoka 1908 hadi 1926, namba kati ya 175,000 na 399,999. Nyepesi, tamu mkononi, na fremu yake ni nyembamba kuliko inavyopaswa. Hupasuka kwenye kona, pale uso bapa unapokutana na ukuta unaoshikilia makalio ya risasi. Ufa wa mwanzo hauonekani kwa macho. Paka mafuta mepesi kwenye kona zote mbili, subiri dakika kumi, futa mpaka pakauke kabisa, nyunyiza unga wa chaki. Ufa utayarudisha mafuta juu na kuchora mstari kwenye chaki.

Mwisho vifyatulio. Beba risasi bandia mbili za geji 20 na mbili za .410, usifyatue chemba tupu ya mtu. Funga, weka usalama, vuta vifyatulio vyote viwili kwa nguvu kisha achia. Sasa ondoa usalama. Nyundo ikianguka yenyewe, iache hapo hapo mezani.

Bint_Pangani:

Naongezea la chemba, kwa sababu ndilo litakaloamua utapiga risasi gani.

Urefu ulioandikwa kwenye kasha ni wa ganda lililokwisha kufyatuliwa, likiwa limefunguka. Risasi ya inchi 2¾ ambayo haijapigwa ni fupi kuliko chemba ya inchi 2½, kwa hiyo itaingia bila kulalamika. Ikifyatuliwa, mdomo wa ganda unafungukia ndani ya koni iliyo mbele ya chemba, njia ya marisau inabanwa, na shinikizo linapanda. "Imeingia vizuri" haithibitishi kitu.

Fox wa zamani wa geji 20 mara nyingi wana chemba ya inchi 2⅜, iliyochongwa kwa makusudi fupi kidogo kuliko risasi ya 2½ ya wakati ule. Parker, kiwanda kingine cha Marekani, nao walifanya hivyo. Kama huna kipimo cha chemba, kata ukanda wa bati wenye upana wa milimita 17.4, uteremshe kutoka nyuma mpaka ukwame pale koni inapoanza, weka alama, pima.

Risasi za leo za geji 20 za dukani Marekani zinaruhusiwa kufika pauni 12,000 kwa inchi ya mraba. Chuma cha 1920 kinaweza kuvumilia, kitako cha 1920 huchoka kwanza. Tafuta za inchi 2½ zenye shinikizo dogo, aunsi ⅞ za marisau au pungufu. Kampuni ya RST ya hapo hapo Pennsylvania ilijulikana kwa kuzitengeneza. Marisau ya chuma usiyaguse: hayabonyei, na kwenye mbano kamili wa kale huacha uvimbe mdomoni. Ukihitaji yasiyo ya madini ya risasi, nunua ya bismathi.

Na kama nyumbani una geji 12, usichanganye mifukoni. Risasi ya geji 20 huteleza na kupita chemba ya geji 12, ikakwama mbele. Mtu anadhani hajajaza, anaweka ya 12 nyuma yake, mtutu unapasuka karibu na mkono wa kushoto. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano.

Kuhusu .410. Aunsi moja ya marisau namba 7½ ina punje 350 hivi. Geji 20 ya aunsi ⅞ inarusha takriban 306. Ya .410 ya inchi 2½, nusu aunsi, inarusha 175. Ya inchi 3, aunsi 11/16, inarusha kama 240, lakini katika safu ndefu ndani ya mtutu mwembamba, na nyingi zinabonyea kabla ya kutoka. Grausi anayeruka nyuma ya matawi hakusubiri.

Kuna kanuni ya zamani ya Waingereza: uzito wa bunduki uwe mara 96 ya uzito wa marisau. Aunsi ⅞ inataka pauni 5¼. Nusu aunsi inataka pauni 3 tu. Sasa ipime hiyo Stevens uniambie ina ngapi.

Mzee_Kitako:

Wanangu mmesema vyema ya ufundi. Mimi nizungumzie pesa.

Mtengenezaji yeyote wa Marekani wa kabla ya vita alitoa geji 12 nyingi mno na ndogo chache. Kwa hiyo kipenyo peke yake hupandisha bei: 20 hupita 12, na 28 na .410 hupaa. Ila uchache huo ni wa majina makubwa. Stevens 311 ilikuwa bunduki ya shambani, ilitoka kwa miaka mingi, na kutokuwa na namba si dosari wala siri: namba ya utambulisho ilikuja kuwa lazima kwa sheria ya Marekani ya 1968. Watu wanaipandisha kwa sababu wanasikia ".410 ya mitutu miwili" na masikio yanasimama.

Jihadhari na majina. Kampuni ya Savage ilimnunua Fox 1929 na kuhamishia kazi Utica, New York. Sterlingworth za Utica bado ni Fox halisi, ingawa wakusanyaji wengi hulipa zaidi kwa za Philadelphia. Fox Model B ni kitu kingine kabisa: ni Stevens iliyovalishwa jina. Fox wa zamani hawakutoa geji 28 wala .410. Mtu akikuletea "Fox ya .410 ya babu", ameshika Model B. L.C. Smith, kiwanda kingine, walitoa .410 lakini si geji 28, na za kwao kagua mbao nyuma ya sahani za pembeni, pana tabia ya kupasuka. Parker hupigwa namba ya ukubwa wa fremu chini ya mitutu. Geji 20 kwenye fremu 0 ni raha. Geji 20 kwenye fremu 1 inabeba chuma cha bure. Wanaozijua hutazama namba hiyo kabla ya nakshi.

Hadithi ya muuzaji haina bei isipokuwa ina karatasi. Fox ya geji 12 aliyokuwa nayo Theodore Roosevelt kwenye safari yake ya 1909, ile aliyoshukia Mombasa, iliuzwa mnadani 2010 kwa dola 862,500. Iliuzwa hivyo kwa kuwa kila hatua yake ilikuwa na ushahidi. "Babu aliwindia na gavana" ni sifuri.

Na mtu akikushauri upanue chemba ya Fox iende 2¾, mwambie hapana. Unaondoa chuma mahali ambapo shinikizo ni kubwa kuliko pote, na mkusanyaji anayefuata anashusha bei siku akipima.

Bint_Pangani:

Mzee shikamoo. Nakubali kwa bunduki ambayo haijaguswa. Ila ikiwa imeshaharibika machoni pa mkusanyaji, na ukuta mbele ya chemba mpya unabaki zaidi ya milimita 2.3 hivi, fundi mzuri anaweza kuipanua bila hatari. Hapo ni hesabu ya upatikanaji wa risasi tu.

Mzee_Kitako:

Marahaba. Basi tukubaliane kwamba mnunuzi hapimi kwa macho.

Nyasa_Boy:

Jambo moja pembeni, kwa sababu wengi humu ni wahamiaji: mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki kwa sheria ya shirikisho. Mwenye viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi isipokuwa ana msamaha kama leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote. Hakikisha hilo kabla ya kunyoosha mkono mnadani.

Mkulima_Erie:

Nashukuru nyote. Nina kadi ya kijani, hilo limekwisha. Nimerudi kwenye ukaguzi, haya ndiyo majibu.

Fox: namba zinalingana pote patatu, za 250 elfu. Mitutu inalia safi. Ndani 0.617, mdomo wa kulia 0.617, wa kushoto 0.616. Kati ya midomo kuna kabari ya lehemu. Ukuta mwembamba kuliko pote ni 0.027 kulia, 0.026 kushoto. Haichezi, mkono uko kulia. Chemba 2⅜. Usalama na nyundo sawa. Skrubu mbili za chini zimetafunwa vichwa. Kitako kimeshuka inchi 3 kamili kisiginoni (chini ya mstari wa mitutu), na mbao nyuma ya fremu ni nyeusi kwa mafuta.

Ithaca: vishimo vya kutu mitutu yote, na chaki imechora mstari wa kama milimita 6 kona ya kushoto.

Stevens: imebana, safi, pauni 6¼.

FundiMitutu:

Ithaca imejihukumu. Fremu yenye ufa usiipige hata risasi nyepesi, na kuilehemu kunaharibu ugumu wa chuma pale pale panapobeba mzigo. Labda kama inakwenda kwa bei ya vipuri: mbao, vifyatulio, nyundo. Mitutu yenye vishimo hata vipuri haifai.

Stevens haina kosa. Ni pauni 6¼ za kubeba nusu aunsi. Kwa kumfundishia kijana kupiga sahani za shabaha zilizosimama, sawa. Kwa kichaka, unabeba uzito wa geji 16 na kwa nusu aunsi hiyo unapiga chini ya theluthi mbili ya punje za geji 20.

Fox imekatwa, hilo halina mjadala, na kwa mkusanyaji imekufa. Kwa mwindaji wa grausi ndiyo imeamka: mitutu wazi, ukuta wenye afya, haichezi. Bila mbano, geji 20 yenye gramu 25 (aunsi ⅞) inafanya kazi safi hadi yadi 25, na vichakani ndege wengi hupigwa karibu zaidi ya hapo. Usijaribu kuitobolea vibano vya kuskurubu, ukuta hauna nafasi.

Mafuta kwenye mbao yanatibika. Vua kitako, changanya asetoni na unga laini wa chaki uwe uji, paka, acha ukauke, pangusa, rudia mpaka unga usitoke na rangi. Fanyia nje, mbali na moto. Mbao ikishakauka ndipo uone kama kuna ufa uliokuwa umefichwa na mafuta, na uuzibe kwa gundi ya epoksi.

Mzee_Kitako:

Kitako kilichoshuka inchi 3 kiliwafaa waliokuwa wakisimama na kichwa wima. Kwa mkao wa leo bunduki itapiga chini. Walnati inaweza kukunjwa kwa mafuta ya moto kiasi cha robo inchi, pengine zaidi kidogo, bila kuvunjika. Fox inakubali kuliko L.C. Smith kwa sababu haina matundu makubwa ya sahani pembeni. Ila mafuta yatolewe kwanza, na mshiko ukaguliwe.

Bei. Tafuta minada iliyokwisha, tazama kilicholipwa, usitazame kilichoombwa. Tuseme Sterlingworth ya Philadelphia ya geji 20, hali kama hiyo lakini haijakatwa, imelipiwa 1,600. Iliyokatwa gawanya kwa mbili: 800. Ondoa kukunja kitako, kusafisha mbao na skrubu mbili mpya, tuseme 250. Inabaki 550. Mnada unaongeza ada ya mnunuzi, ikiwa ni asilimia 18 basi 550 unaigawanya kwa 1.18 unapata kama 466. Nyoosha mkono hadi 460, kisha uweke mfukoni. Weka bei za kweli badala ya zangu, hesabu ni ile ile.

Skrubu za Fox usizinunue dukani. Nyuzi zake si za leo. Fundi atazichonga au atapata za zamani. Na bisibisi ya kufungulia zilizobaki iwe ya ncha iliyonolewa sambamba, ya kabari ndiyo iliyotafuna hizo mbili.

Mkulima_Erie:

Nimeelewa. Nikiipata, nianze na nini kabla ya kwenda porini?

Bint_Pangani:

Karatasi. Weka karatasi ya sentimita 120 kwa 120, yadi 25, alama katikati. Piga mtutu wa kulia mara tatu kwenye karatasi tatu tofauti, kisha wa kushoto vivyo hivyo, ukiipandisha begani kama unavyopiga ndege, usilenge kama bunduki ya risasi moja. Chora duara la inchi 30 kuzunguka kitovu cha kila kundi, hesabu punje kati ya zile 306. Usiangalie idadi tu, angalia mapengo: sehemu ya ukubwa wa kiganja bila punje hata moja ni njia ya ndege kupita. Mtutu mmoja ukiwa umeketi kando ya mwenzake zaidi ya sentimita kumi hivi, huenda aliyekata aliinamisha msumeno na mdomo si mraba. Fundi anaweza kuunyoosha kwa kuchonga kidogo. Makundi yote mawili yakiwa chini ya alama kwa pamoja, ni kitako, na Mzee ameshasema dawa yake.